Honi ya Mama Kwenye Treni ya Mezani

Nyumbani, nyuma ya karakana,
S.L.P. 46.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu zangu kabla sijaanza ugomvi, maana unanijua: nikichelewa kusalimia huwa nimeshaanza kubishana. Hujambo, ndugu yangu? Mgongo wako vipi, ule uliokuwa ukikuuma kwa kuwainua wagonjwa wa watu? Baridi ya huko imepungua? Unakula? Swali hilo la mwisho si langu, ni la Mama. Nimelirithi pamoja na mkasi wake, na nitakuuliza mpaka unijibu.

Sisi huku tupo. Sisemi wazima, nasema tupo. Shangazi miguu yake imevimba lakini mdomo wake uko imara, na anakusalimu kwa mdomo huohuo. Paa la veranda bado linavuja palepale juu ya cherehani, na sisi bado tunahamisha cherehani badala ya kuziba paa.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako inaita mpaka inachoka. Tangu tumzike Mama hujapokea hata mara moja, na ile sauti niliyokuomba uliituma bila neno. Sikulaumu. Mtu aliyenyimwa ruhusa ya kuja kumzika mama yake ana haki ya kunyamaza. Nilitaka kumwandikia mkuu wako wa kazi nimweleze jinsi watu wa kwao wanavyowakusanya vijana wetu ili wawageuze ubavu wazee wao, huku wazee wetu wakizikwa na majirani. Nikaacha, kwa kuwa sijui kutukana kwa lugha yake, na tusi la kutafsiriwa halina meno.

Siku ile ya mazishi watu walinishika mkono mmoja baada ya mwingine, wakaniambia muda huponya. Niliporudi kazini niliandika makala nzima ya kumpinga huyo muda: amemponya nani, wapi, na vyeti vyake viko wapi. Mhariri wangu aliirudisha. Alisema ina hasira nyingi na haina mshtakiwa.

Sasa nisikilize, maana nina habari moja tu na ni ndefu. Inamhusu Baba na treni yake.

Wewe uliondoka Baba akiwa bado gadi wa treni, anarudi nyumbani na vumbi la behewa la mwisho, filimbi shingoni, bendera mbili kwapani. Hukumwona alipostaafu. Wiki ya kwanza alikuwa kama mgeni asiyejua choo kiko wapi. Anamfuata Mama jikoni, anamfuata kwenye veranda, anamkagulia mishono. Mama akachoka. "Chumba cha mwanao kinakaa bure," akamwambia, "nenda huko ukakague kuta." Baba akaenda, na huko ndiko alikoanza kuijenga ile reli. Aliinua meza ya mbao juu ya kitanda chako, akalaza njia nzima aliyoifanyia kazi maisha yake yote: stesheni, daraja, mlima wa karatasi na gundi, na kona ile mbaya aliyokuwa akitusimulia. Injini aliipata mnadani. Mabehewa mengine aliyachonga mwenyewe, na la mwisho, la gadi, alilipaka rangi mara nne mpaka likamridhisha. Kitanda chako hakikuhamishwa. Kipo chini ya meza hadi leo, kimetandikwa.

Unakumbuka dirisha la chumba chako linatazama veranda, pale alipokaa Mama na cherehani yake. Siku reli ilipokamilika, Baba alivaa kofia ya kazi, akasimama kando ya stesheni, akapuliza filimbi. Kisha akangoja. Mama akaendelea kushona. Baba akapuliza tena.

"Wewe mwanamume, una nini?"

"Gadi haachii treni mpaka dereva ajibu."

Mama akaliangalia lundo la sare za shule mbele yake, akaona njia fupi ya kupata amani. Akaelekeza mdomo dirishani. "Poooo! Haya, nenda! Na uende moja kwa moja!"

Treni ikaondoka. Ikawa ndiyo sheria ya nyumba hii kuanzia siku ile: Baba anapuliza, Mama anaitikia kwa mdomo, treni inatoka. Wewe ulisikia vipandevipande kwenye simu ukacheka. Sisi tuliishi humo. Na Mama hakuwa na honi moja. Akiwa na pini mdomoni ilikuwa "Mmmmm" ya puani. Akiwa na mteja mwenye makuu ilikuwa "po" moja fupi, ya aibu. Akiwa amekasirika alinyamaza makusudi, treni ikakaa stesheni mpaka gadi aje aombe radhi kwa kosa asilolijua. "Ngoja ngoja huumiza matumbo, eti gadi!" ndivyo alivyokuwa akimchokoza. Baba aliijua hali ya nyumba nzima kwa kusikiliza tu. Nikifika, ananinong'oneza mlangoni, "Leo dereva ana pini. Usimsemeshe."

Sasa elewa ninachokuambia. Tuliporudi kutoka makaburini, treni ile iliacha kutoka stesheni.

Kila asubuhi Baba alivaa kofia, akasimama palepale, akapuliza mara moja. Kisha akangoja, uso dirishani. Hapulizi mara ya pili. Baadaye anakunja bendera ya kijani, anakaa kwenye kiti, na hapo ndipo siku yake inapoishia. Sahani ninamwekea, sahani ninaichukua. Mkanda wake ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Daktari wa zahanati alimpima akasema hana ugonjwa, na mimi nikamjibu daktari kwamba kama huo si ugonjwa basi vitabu vyake vina kurasa zilizonyofolewa.

Nilibishana naye. Ungetegemea nini kingine?

"Baba, iendeshe tu. Ni treni ya mezani. Hakuna abiria atakayekufa."

"Kesi," akaniambia, "wewe kila wiki unaandika gazetini watu wafuate sheria. Leo unamwambia gadi aachie treni isiyo na dereva?"

Nimepigana na mawaziri, nimepigana na maprofesa, na mmoja wao alitoka nje ya ukumbi akasahau viatu vyake chini ya meza. Kwa mzee yule mwenye kofia ya zamani nilikosa pa kushika. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nimekaa ndani ya kimya cha chumba kile, na nakuambia hakina mshindo wowote. Kina kutu.

Nikasema basi, tuitie treni sauti. Nilisoma kila nilichokipata. Kumbe duniani kuna watu wazima wengi wenye reli za mezani, na wenye uwezo wananunua injini zilizowekewa sauti kiwandani. Sisi tungeokoteza. Nikaenda kwa fundi redio wa pale pembeni, yule tunayemwita Kelele kwa sababu kibanda chake hakijawahi kunyamaza. Nilimkuta ameinamia redio iliyofunuliwa tumbo.

"Fundi, nataka honi."

"Honi zipo, Mama Gazeti. Ya lori, ya basi, ya pikipiki yenye majivuno. Gari lako ni aina gani?"

"Treni."

Akainua kichwa. "Umenunua treni? Kumbe ndiyo maana unaisema serikali vibaya, unajua una pa kukimbilia na usafiri unao!"

"Ya mezani, Kelele. Ya Baba."

Kicheko kikamkauka. Mama ndiye aliyemshonea suruali ya harusi, na alipoinenepea Mama akaipanua bila kumsimanga. Akaifunika ile redio kwa tambara kama mtu anayemfunika mgonjwa, akabeba mfuko wake wa vyuma, akasema twende.

Ungetuona, ndugu yangu! Kwa wiki nzima nyumba hii ilikuwa karakana. Chini ya daraja tuliweka debe tupu la biskuti, treni ikipita juu yake inavuma kama iko juu ya mto wa kweli. Kwenye kona ile mbaya Kelele alining'iniza mnyororo mwembamba unaogusana na kifuniko cha sufuria, ukasikika kama mabehewa yanavyovutana. Sauti ya mvuke tuliipata kwa msasa: kipande kimoja kwenye ekseli ya magurudumu, kingine chini yake. Maungio ya reli tulitaka kuyakata mikato midogo kwa tupa ili magurudumu yagonge. Kelele akaanza kukata kila mahali kwa nafasi sawa, kama mtu anayekata sabuni.

Baba alikuwa amekaa kando siku zote hizo, mikono kifuani, anajifanya anaangalia dari. Hapo uvumilivu ulimwisha.

"Wewe kijana, hiyo ni treni au ni saa ya ukutani? Ni tak-tak, halafu pumzi. Tak-tak, halafu pumzi."

"Samahani, Mzee. Pumzi ndefu kiasi gani?"

"Lete hiyo tupa."

Akaichukua. Akakata mwenyewe, sikio lake limelala juu ya reli. Nilitoka nikaenda jikoni nikaegemea mlango, kwa sababu nilikuwa nimesikia Baba akigombeza mtu, na sikuwa nimeusikia muziki huo tangu mazishi.

Ikabaki honi. Hapa unisamehe jambo moja. Ile kadi ya siku ya kuzaliwa uliyomtumia Mama, inayoimba ukiifungua, tuliipasua. Kelele alisema ndani yake kuna spika ndogo nzuri kuliko zote zilizomo nyumbani. Akaiweka mdomoni mwa kopo la maziwa ya unga, sauti ikaota kifua. Akalificha kopo lile chini ya stesheni, akaliunganisha na kile kisanduku cha wachuuzi, kile wanachorekodia maneno ya kuita wateja halafu kikayarudia mpaka mtaa mzima utamani kuhama. Kisha akaleta kidude cha funguo, unakijua? Cha watu wanaosahau funguo: ukipiga mluzi, kinalia popote kilipo. Akakitoa sikio lake, akalifunga kwenye kopo. Maana yake ni kwamba Baba akipuliza filimbi, sikio linasikia, kisanduku kinafunguka, honi inalia. Hakuna wa kubonyeza chochote. Nilimwita Kelele mwanasayansi, akasema nimtukane kwa jina lingine.

Honi yenyewe Kelele alikuwa nayo. Aliirekodi zamani, treni ya mizigo ikipita nyuma ya kibanda chake. Ilikuwa safi, nzito, ya kweli kabisa.

Baba akavaa kofia. Akapuliza. Kopo likanguruma kabla filimbi haijakoma.

"Dereva gani huyu anajibu kabla hajaulizwa?"

Kelele akarekebisha ichelewe kidogo. Baba akapuliza tena, honi ikangoja, ikaitikia, kuta zikatetemeka. Mimi nikapiga makofi. Baba hakuinua bendera.

"Huyu ni nani?"

"Ni honi, Baba. Ya treni ya kweli."

"Nasikia kwamba ni ya kweli. Nauliza ni nani. Mimi simjui. Simwachii watu wangu."

Akakaa. Akavua kofia. Kelele akaanza kukusanya bisibisi zake bila kunitazama.

Ndipo nilipokuandikia ule ujumbe. Wewe tu ndiye ungekuwa na sauti ya Mama. Kwangu Mama alikuwa anakuja mwenyewe kwa miguu kunigombeza, hana haja ya kurekodi. Kwenye simu yake alikuwa anafuta kila alichotuma, akisema inajaa kama kabati. Lakini wewe alikuwa anakurekodia ujumbe wa sauti kila Jumapili, akiwa palepale kwenye cherehani, na nilijua lazima siku moja filimbi ilimkuta katikati ya maneno. Nikakuomba, na wewe ukatuma. Kipande kifupi. Yaliyotangulia na yaliyofuata uliyabakiza kwako, na sina neno, ni yako.

Nilikisikiliza nikiwa nimesimama kwenye kibanda cha Kelele, magari yanapita. "Ngoja, Kitinda." Halafu ile: "Poooo!" Halafu, akicheka, "Haya. Nilikuwa nasemaje?"

Kelele alizima redio zake zote. Kibanda kile kikanyamaza, mpaka muuza vocha wa jirani akachungulia kuuliza kama umeme umekatika.

"Nikate maneno, nibakize honi tupu?" akaniuliza.

Akajaribu. Lakini kisanduku kile cha wachuuzi kina kigugumizi, kikianza kinameza mwanzo wa sauti. Alipokata karibu, honi ilitoka haina kichwa; ikawa "ooo" ya mtu anayeumwa. Akasema afadhali tuache maneno kidogo mbele na kidogo nyuma, yawe kinga. Mimi nikakubali. Zaidi ya kukubali, nilifurahi. Nikasema Baba atapenda kumsikia akilitaja jina la mtoto. Hilo ndilo kosa letu, na ni kosa la watu wawili werevu: tulishughulika sana na jinsi honi itakavyosikika, hatukuuliza mzee atasikia nini.

Siku ile ilikuwa Jumamosi, jua kali. Nilimwambia Baba ajaribu mara moja tu, halafu nitamwacha. Akavaa kofia kwa kuniridhisha. Akapuliza.

"Ngoja, Kitinda. Poooo! Haya. Nilikuwa nasemaje?"

Kitinda, mimi ninaishi kwa kuandika, na mahali hapa kalamu inaninyima. Baba hakulia. Alinyooka. Mgongo wake ulisimama mfupa kwa mfupa, kama mtu anayepigiwa saluti. Akainua bendera ya kijani, mkono wake umetulia kama zamani, na treni ikatoka. Tak-tak, pumzi. Tak-tak, pumzi. Ikavuma darajani, ikalalamika konani, ikarudi. Akapuliza, Mama akajibu, ikatoka tena. Mchana ule alikula, akaomba aongezwe. Kelele alikula naye kwenye sahani moja, wakabishana kuhusu breki.

Nikajisemea nimeshinda. Nikaenda zangu nyumbani kwangu nikiwa na kichwa cha makala tayari, kuhusu watu wanaodhani faraja lazima iuzwe ghali.

Ushindi ule ulidumu siku chache. Nikaanza kuona Baba anapuliza taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye chumba cha mgonjwa. Kisha akawa anakaa muda mrefu na filimbi mdomoni bila kupuliza. Kisha sahani ikaanza kurudi imejaa. Nikamwita Kelele akague betri. Betri ilikuwa nzima.

Jumatano iliyopita Baba aliniita.

"Kesi, kaa. Sikiliza." Akapuliza kidogo. Mama akajibu. "Anasemaje?"

"Anasema, ngoja, Kitinda."

"Na jana?"

"Hivyohivyo, Baba."

"Mama yako hakuwahi kunijibu sawasawa mara mbili. Miaka yote ile, hata siku moja. Mwanzoni nikasema labda ni umbali. Labda akiwa mbali mtu anakuwa na jibu moja." Akaigeuza filimbi mkononi. "Halafu nikaelewa. Anaongea na mtoto. Ana jambo anataka kumwambia, na kila akitaka kuanza, mimi napuliza. Ananijibu kwa heshima. Anarudi kwa mtoto, anauliza alikuwa anasemaje. Kabla hajakumbuka, napuliza tena. Nimemkatiza wiki nzima, Kesi. Hajamaliza hata mara moja."

Nilikuwa na hoja. Unajua huwa ninazo. Ningeweza kumwambia kwamba ni kipande tu, kwamba Mama alishamaliza siku nyingi, Jumapili ileile, kwamba kopo la maziwa halina mtu. Nilifungua mdomo nikaona uso wake, nikaufunga. Mimi, Kitinda! Nilifunga mdomo!

"Sasa unataka tufanyeje, Baba?"

"Mwache aongee na mwanawe."

Akavua filimbi shingoni. Sijawahi kuiona shingo yake bila kile kikamba. Kuna mstari mweupe pale kilipokaa. Akaniwekea mkononi.

"Mpelekee Kitinda. Yeye ndiye aliye na mama yenu. Gadi akikabidhi, anakabidhi kwa mtu aliye njiani, hakabidhi kwa kabati."

Kelele alikuja kufungua vitu vyake. Baba akamwambia debe la daraja liachwe, mnyororo uachwe, hata kopo liachwe palepale chini ya stesheni. Kilichotolewa ni betri tu. Treni iko stesheni. Haijatoka, na sioni kama itatoka. Nilipompa Kelele mkono wa kwaheri mlangoni, alikuwa anafuta macho kwa lile tambara la redio, akanitukana ili nisimwone: "Wewe na honi zako, Mama Gazeti. Si ungeniletea tu pasi nikutengenezee."

Sina mshtakiwa, ndugu yangu. Nimemtafuta. Nilitaka awe mkuu wako wa kazi, nikataka awe kisanduku chenye kigugumizi, nikataka awe Mungu, na Mungu nimemwambia ana kwa ana. Mwisho nimekuta ni mwanamke mmoja tu aliyekuwa na honi nyingi, ameondoka nazo zote, ametuachia moja.

Leo baada ya mvua ya asubuhi nilikaa chumbani kwako kufunga kifurushi hiki. Nimeizungushia filimbi kipande cha kitambaa cha sare, kutoka kapu la Mama la vipande. Lakini kabla ya kuizungushia niliipuliza mara moja, nione kama ile punje ya ndani bado inacheza, isije ikakufikia imekufa. Inacheza. Nikaishusha. Halafu nikajikuta nimesimama pale kando ya meza kama mjinga, uso dirishani, nangoja. Mimi nisiyeamini chochote nisichokisoma mahali.

Kutoka veranda nikasikia, "Mmmmm."

Hafifu, ya puani, ya mtu mwenye pini mdomoni.

Nilitoka. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha Mama, nyuma ya cherehani, kofia mapajani. Hakuwa na pini yoyote. Midomo yake tu ilikuwa imebanwa, vile alivyokuwa akiibana Mama.

"Si vizuri gadi akose jibu," akasema, akatazama pembeni.

Nilikaa kwenye benchi la wateja, tukasikiliza paa likivuja.

Basi ndiyo maana kifurushi kinakuja na barua. Filimbi ni yako sasa. Ukishindwa kuongea, usiongee. Sikulazimishi, na nitampiga yeyote atakayekulazimisha. Piga simu, puliza tu. Baba nimemfundisha kupokea, na simu ninamwekea palepale juu ya cherehani. Nadhani atakujibu. Sikuahidi kwamba itakuwa nzuri, ana honi ya mtu aliyeanza kazi juzi.

Na siku ukiweza, si lazima iwe kesho, mwambie Baba kile Mama alichokuwa anakwambia. Hajaniuliza. Lakini kila ikifika Jumapili, saa zile alizokuwa akikurekodia, anasogeza kiti chake karibu zaidi na dirisha.

Shangazi anakusalimu tena, anasema uoe. Binamu yetu mpiga rangi anakusalimu, ameahidi kuziba paa, tunamwombea maisha marefu ili aweze kutimiza. Kelele anakusalimu na kuuliza kama huko wana redio zinazoharibika. Wanangu wote wawili wanakusalimu wewe, mjomba wao. Baba hajasema neno la salamu. Amekunja tu bendera ya kijani akaiweka juu ya bahasha hii, nami nimeielewa hivyo. Bendera yenyewe nimemrudishia. Asije akakosa ya kupepea.

Mungu akulinde huko uliko, akupe mkono mwepesi kwa wagonjwa wako, na akutafutie mtu wa kukuuliza kama umekula siku nisipokuwapo mimi kukuuliza.

Wako akupendaye, hata anapogomba,
dada yako,
Kesi.